Fundo la Baba Neema

Nangara, Babati
Alasiri, kesho ukisafiri

Pina mwanangu,

Mambo ya sabuni, ya kutoazimisha ndoo, ya kutolala na nywele mbichi na ya kutokula chipsi kila siku, mama yako ameyamaliza. Nimemsikia kupitia ukutani tangu juzi, na hakuna alichosahau isipokuwa kupumua. Kwa hiyo sitayagusa. Mimi niliachiwa kazi ndogo ya kulifunga sanduku lako la bati kwa kamba. Nimelifunga, nikalifungua, nikalifunga tena, mpaka mama yako akaniuliza kama hilo sanduku limeniajiri.

Sasa mmekwenda kanisani kuagana na kwaya, nyumba imenyamaza, nami nimechukua daftari lako la zamani la Hisabati, zile kurasa za nyuma ambazo hukuzitumia. Ni nyingi. Hilo nalo tungeweza kulizungumza, ila wewe ndiye uliyemaliza kidato cha nne na mimi ndiye niliyeishia la saba, basi tusiumizane.

Nina jambo moja la kukuambia, na nimelizunguka kwa miaka kumi na moja. Unisamehe nikilizunguka kidogo tena. Ni mazoea.

Unakwenda kusomea kazi ambayo baba yako ameifanya miaka ishirini na miwili bila kuisomea. Unajua nilivyoanza? Nilikwenda Mutuka kumchimbia mtu shimo la choo. Mgrivea wake ulikuwa umelalia banda la ng'ombe, akaniuliza kama najua kukata miti, nikasema naweza. Neno hilo ndilo lilikuwa cheti changu. Nilipanda pekupeku, panga kiunoni, na nilipofika juu nikagundua kwamba kupanda na kushuka ni kazi mbili tofauti. Mama yako hadi leo akiniona nimechelewa kurudi huniuliza kama nimelala mtini kama kuku wa kienyeji.

Huko chuoni, nasikia, watawafundisha kwamba mti haukatwi kichwa. Ukifika hapo usiinue mkono kusema baba yako ni fundi. Nimekata vichwa vya miti mji huu mzima. Watu walipenda, mti unabaki mfupi kama mtoto aliyenyolewa, wanasema sasa pamekuwa pasafi. Mama mmoja wa Sigino aliniita baada ya miaka mitatu nije kuuona mjakaranda wake. Ulikuwa umeoza kuanzia juu kushuka chini, kama jino. Nikauzunguka, nikaugonga kwa mpini wa shoka, nikatikisa kichwa kama daktari, nikamwambia ni ugonjwa. Pina, ugonjwa wenyewe ulikuwa umesimama mbele yake umeshika shoka.

Hilo nakwambia ili ucheke. Linalofuata sitegemei ucheke.

Baba Neema unamjua wewe kama fundi wa kunoa, yule wa kwenye kibaraza karibu na mashine ya kusaga, mguu mmoja umekakamaa kama mpini. Humjui alivyokuwa. Nilifanya naye kazi miaka saba. Mimi nilikuwa mwenye msumeno wa injini, kwa hiyo mimi ndiye niliyeitwa bosi, lakini mpandaji alikuwa yeye. Alikulia upande wa Hanang akifunga ndama na kutundika mizinga ya nyuki na baba yake, na mafundo alikuwa akiyafunga huku anaongea, macho yakiwa kwako, kama mama yako anavyosuka nywele huku anasengenya. Fundo lake lilikuwa likivutwa linakaza. Likishakaza, ilibidi mwenyewe aje kulifungua, maana wengine tuling'oa kucha.

Wakati ule wenzetu walikuwa wakipanda kwa kamba za katani, au hizi za plastiki za bluu za kufungia mizigo. Mimi nilikwenda Arusha nikanunua kamba kwa mpagazi mmoja wa mlimani. Ya kijani, ina uzi wa njano ndani yake. Niliitembeza mjini kama bibi harusi. Nikatunga na sheria: msumeno na kamba havilali chumba kimoja. Siku moja Baba Neema akiwa juu, panga lake liliigusa ile kamba. Liliigusa tu, halikuacha hata alama. Nikamshusha. Kwa wiki nzima, pale tunapokunywa chai, nilimwita Mchinja Kamba mbele za watu, na watu wakacheka, naye akacheka, maana ni mtu wa kucheka.

Haukupita mwezi. Tulikuwa na mkaratusi Sigino na yeye alikuwa amempeleka Neema kliniki, basi nikapanda mwenyewe. Nilitaka kumaliza kabla hajarudi, nimwonyeshe. Nilikuwa nakata tawi la tatu, nimechoka, msumeno nimeushika kwa mkono mmoja kitu ambacho nilikuwa nikimkataza kila mtu, ukarukaruka ukaigusa kamba. Haikuzidi upana wa ukucha. Lakini ile ngozi ya kijani ilifunguka, na nyuzi nyeupe za ndani zikanichungulia.

Nilishuka polepole sana, nakwambia.

Kilichotakiwa hapo ni rahisi na kinajulikana na kila mtu aliyewahi kupanda mti. Unaikata kamba pale pale ilipojeruhiwa, unabaki na vipande viwili vifupi, kazi inaendelea. Lakini angeniuliza mbona kamba imekuwa fupi. Ningemjibu nini? Mchinja Kamba angekuwa mimi. Nilimfikiria pale kwenye chai akinigeuzia lile jina, na jinsi watu watakavyogonga meza. Hicho tu, Pina. Siyo njaa iliyonituma, wala mtu hakunilazimisha. Niliogopa kuchekwa na rafiki yangu.

Nikachukua mpira wa ndani wa baiskeli, nikakata utepe, nikaizungushia kamba pale penye jeraha. Niliuzungusha vizuri, ukakaza, ukapendeza. Sisi hapa tunaziba kila kitu kwa utepe wa mpira, mpini wa jembe, bomba la maji, mguu wa kiti, na mikono yangu kwenye hilo haina mpinzani. Baba Neema alipouona akaniuliza ni nini.

"Alama ya katikati ya kamba," nikamwambia. "Watu wa mlimani ndivyo wanavyofanya."

Akaupapasa kwa kidole gumba, akaniambia kwamba kweli mimi ni mtu wa kufikiria mbele. Alinisifu, mwanangu.

Baada ya wiki mbili tukapata mgrivea kwenye nyumba moja njia ya kwenda Mutuka. Mwenye nyumba alikuwa na send-off ya binti yake na alitaka matawi yaliyolalia bati yaondoke kabla maturubai hayajafungwa. Baba Neema alipanda, akaifunga kamba kwenye shina juu ya kichwa chake, ncha nyingine ikiwa kwenye mkanda wake, akajinyoosha kwenda nje kulifuata tawi. Mimi nilikuwa chini nimeshika kamba ya kushushia matawi. Nilikuwa nikimtania kuhusu kitu fulani, sikumbuki nini. Nikaona utepe wangu wa mpira umekaa kwenye pembe ya gome la mti, unasugua. Nikasema moyoni, akimaliza hili tawi nitamwambia aihamishe kamba.

Alianguka kutoka urefu wa nyumba mbili, akaangukia nyonga, juu ya lundo la matawi tuliyokwisha kukata. Lile lundo ndilo lililomwacha hai.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu hii ingekuwa na akili ingekauka.

Watu walikimbia kutoka jikoni, kutoka barabarani. Mtu akaleta pikapu. Mimi nilikuwa wa kwanza kumfikia, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kumvua mkanda. Watu walidhani namlegezea apumue. Nilikuwa naondoa kile kipande cha kamba kilichokuwa bado kimefungwa kwenye mkanda, kwa fundo lake, zima kabisa. Nikakisokota ndani ya shati. Wao wakamwinua, yeye anaguna, wanamlaza kwenye pikapu, na mimi badala ya kushika upande wa kichwa chake nikapanda mti. Wakasema jamani, amechanganyikiwa, muacheni.

Nilipanda kwenda kulifungua fundo la juu. Lilikuwa pale kwenye shina, Pina, kama alivyoliacha, limeshika, na kipande cha kamba kinaning'inia chini yake na ule utepe wangu umechanika. Yeyote ambaye angeinua macho angeelewa. Uzito wake wote ulikuwa umelikaza. Nilipambana nalo kwa vidole, nikalipiga kwa mpini wa panga, nikavunja ukucha. Pikapu iliondoka nikiwa bado juu. Lilinichukua muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa kwenye mti wowote bila kukata kitu. Nikaweza mwishowe. Nikashuka na vipande vyangu viwili nimevikunja pamoja, na mwenye nyumba akaniuliza imekuwaje.

Nikasema, "Hakufunga vizuri. Fundo limefumuka."

Nilisema kwa huruma. Yule mzee akanishika bega, akanipa pole. Zile kamba nilizitupa chooni kwetu jioni ile.

Baba Neema alikaa hospitalini muda mrefu, na asubuhi ya siku ile haikumrudia kichwani hata kidogo. Siku moja nimempelekea uji, akaniuliza, "Baba Pina, nilikosea wapi?" Nikamwambia ni fundo tu, hata mimi hunitokea, asijisumbue. Akaniomba msamaha kwa kuniharibia kazi ya watu. Nikamsamehe. Unasoma vizuri, mwandiko wangu ni mbaya: mimi nikamsamehe yeye.

Yaliyofuata unayajua. Mzigo ukimwangukia bodaboda barabarani, watu wanasema hilo fundo la Baba Neema. Mtoto kamba ya kiatu ikimfunguka, fundo la Baba Neema. Hata wewe ulikuwa unalisema ukiwa darasa la tatu, na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo nakula. Nililisema hata mimi mara kadhaa. Na yeye mwenyewe alikuwa analicheka.

Ila siku moja nilipita kwake asubuhi, akawa hajaniona. Alikuwa anamfunga mbuzi kwenye kigingi. Akamfunga, akaondoka na mguu wake ule, akafika mlangoni, akarudi, akaliangalia fundo, akalivuta. Akaondoka. Akarudi tena. Mara tatu, kwa mbuzi aliyekuwa hata hana haja ya kwenda mahali. Nilisimama nyuma ya mchongoma mpaka alipoingia ndani. Mguu ulipopata nguvu kidogo, fundi mmoja alimtaka kwenye kazi ya kupaua, akae chini tu awe anawafungia wa juu mbao na mabati. Akakataa. Alisema mikono yake husahau, hataki kuua mtoto wa mtu. Mguu wake ulivunjwa na mti, lakini ile mikono niliivunja mimi, kwa mdomo, nikiwa nimembebea uji.

Ningefika nalo kaburini. Nakuambia ukweli, nilikuwa nimeshapanga. Kilichonizuia ni wewe, siku ya usaili Arusha. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi chini ya dirisha, nimevaa lile koti la harusi ya shangazi yako, najisikia mzazi. Wakakuuliza kwa nini msichana unataka kazi ya kupanda miti. Ukajibu bila kutetemeka. Ukasema kwenu yuko baba mmoja, ukamtaja jina, alianguka akawa kilema kwa sababu hakujua kufunga fundo, na wewe unataka kujifunza usije ukawa kama yeye. Nikasikia kalamu zikiandika. Ulipotoka ukaniuliza umejibu vipi, nikakwambia vizuri sana, twende tukanywe soda. Uliniuliza kama naumwa, nikasema ni joto la koti.

Umechukuliwa kwenye hicho chuo kwa uongo wangu. Akili ni yako, kupanda ni kwako, nimekuona kwenye mkuyu wa babu yako ukiwa na miaka kumi. Lakini maneno uliyowapa ni ya kwangu, na ni machafu, na huko utayarudia, maana kila mtu ataulizwa amekujaje. Utayasema kwa walimu, utayasema kwa wenzako mkiwa mnafundishana mafundo. Jina la mtu yule litafika mahali ambapo mguu wake hautafika.

Basi leo mchana nilikwenda kwake. Nilibeba minyororo mitatu ya msumeno nikasema anoe. Akaichukua mmoja mmoja, akaipitisha kidole, akairudisha.

"Hii yote ina makali, Baba Pina," akasema. "Umekuja kunoa au umekuja kusema?"

Nikasema. Sikulia, na sikupanga maneno. Nilianza na Sigino, nikaja kwenye mpira, kwenye pikapu, nikamalizia kwa yale uliyoyasema Arusha. Alikuwa ameshika tupa mkononi na hakuiweka chini muda wote.

Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo nilifunga sawa?"

"Ulifunga sawa."

"La juu na la kwenye mkanda?"

"Yote mawili."

"Yalishika."

"Yalishika. Kamba ndiyo iliyokatika."

Akauliza lile la juu nililifunguaje. Nikamwambia lilinitesa, nililipiga kwa mpini, nikavunja ukucha. Akacheka. Pina, alicheka kicheko chake kile cha zamani, cha fundi anayesikia kazi yake ilivyomsumbua mtu. Kisha kicheko kikaisha na hakuniangalia tena.

Nilisema nisamehe. Akasema leo hana la kunijibu, niende. Nilikuwa nimefika barabarani aliponiita, akaniuliza kama mtoto anajua. Nikasema hajui. "Mwambie wewe," akasema, "halafu aje aniage. Aje bila wewe."

Ndiyo hayo. Sina ushauri mwingi juu yake. Siku kamba yako itakapoguswa na msumeno, na itaguswa, ikate mbele ya kila mtu, wakucheke hadi washibe. Kicheko kinaisha na chai. Na mtu wa chini akikwambia kitu fulani kwenye vifaa ni alama tu, ifungue uangalie, hata awe baba yako. Hasa akiwa baba yako.

Kesho ukishapanda basi nitakwenda pale kwenye chai. Wamo wengi waliolicheka lile fundo, na watanisikiliza. Sijui Baba Neema ataamua nini juu yangu, na sitamwomba mama yako aniombee. Yeye nimemwambia yote leo asubuhi, kabla hamjaondoka. Ndiyo maana leo njiani hakunitania wala kunitaja kama kawaida yake.

Nilifikiria kukupa barua hii stendi, dirishani, basi likianza kutembea. Nikaona hivyo ni kupanda mti tena. Nitakupa mkifika mlangoni, jua likiwa bado lipo. Isome, kisha nenda kwa Baba Neema. Mpe shikamoo yake, mwambie ulichosema Arusha, na mwambie utakachowaambia huko sasa wakikuuliza. Hicho sikutungii mimi. Nilishakutungia kimoja.

Ukirudi, chakula kitakuwa mezani nami nitakuwepo. Unaweza kukaa mbali nami. Unaweza kula chumbani. Lakini uje unipite, unione, ndipo uchague.

Baba yako